Namna ya kuandaa mswada na kuufikisha kwa mchapishaji ukiwa Moshi au Arusha

Nahariri miswada hapa Moshi. Mingi inayonifikia ina hadithi nzuri, lakini imetumwa mbichi: sura ya mwisho imekamilika usiku, asubuhi wachapishaji kumi wa Dar es Salaam wameipokea kwa barua pepe ileile. Kijana, usiuharakishe hivyo mswada uliokutoa jasho.

Hatua ya 1: Upumzishe, kisha usome kwa sauti

Ufungie walau mwezi. Ukiurudia, soma kwa sauti, hasa mazungumzo. Muuza ndizi wa Soko la Mbuyuni na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ushirika hawaongei namna moja. Wakisikika sawa, rudi mezani. Halafu mpe msomaji asiye ndugu yako. Ndugu atakusifu tu.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Nenda maktaba ya mkoa, toa rafuni vitabu vinavyofanana na chako, fungua ukurasa wa hakimiliki, andika jina la mchapishaji na mwaka. Ukiona hajatoa riwaya kwa miaka ishirini, mruke. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, kwa hiyo milango ya riwaya ni michache. Mkuki na Nyota, walioanza 1991, ni miongoni mwa wanaochapisha fasihi.

Anayekudai fedha ili kitabu kitoke anakuuzia huduma. Si dhambi, ila linganisha bei kwanza, na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, iombe mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Hatua ya 3: Tuma

Barua ya ukurasa mmoja, muhtasari, sura tatu za mwanzo. Muhtasari useme hadithi inaishaje. Mhariri hanunui fumbo. Kisha subiri, tena kwa miezi, huku ukiandika kingine. Angalia pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere na Tuzo ya Safal, zinazopokea miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti yake kabla ya kusaini popote.

Hatua ya 4: Soma mkataba kama mfanyabiashara

Nawasihi sana hapa, kwa sababu furaha ya kukubaliwa inawafanya watu wasaini wakiwa wamesimama. Uchukue nyumbani.

Uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unakokotolewa juu ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka limepewa punguzo la asilimia 40. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 1,000 kwako. Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji ni 600. Mikataba yote miwili inasema "asilimia 10".

Uliza taarifa ya mauzo itatolewa mara ngapi kwa mwaka, na iandikwe. Haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti usizitoe kwa mkupuo kama mchapishaji hana mpango nazo. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi ukiibiwa.

Mwisho, dai kifungu kinachokurudishia haki kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asikichape tena ndani ya muda mliokubaliana. Akikataa kukiandika, mwombe sababu kabla hujashika kalamu.