Wajibu wa mshauri nasaha anayejitegemea: mwongozo kwa wanaofanya kazi Malindi

Mshauri nasaha anayepokea wateja katika kituo cha mtu mwingine, akilipwa kwa kila kikao na si kwa mshahara, kwa kawaida si mwajiriwa wa kituo hicho, na hivyo hawezi kudai likizo ya malipo ambayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa. Hilo wengi hulifahamu mapema. Lisilotiliwa maanani ni kwamba wajibu wa kitaaluma, hata ukifanyiwa kazi chini ya paa la mwingine, humkalia yeye mwenyewe.

Anza na usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi inayosajili na kusimamia taaluma hii, na kibali cha biashara cha kituo hakichukui nafasi ya leseni yako. Hakikisha pia kwamba una bima ya dhamana ya kitaaluma, yaani ile inayokukinga ukidaiwa fidia kwa kosa la kikazi, kwa jina lako, kwa kuwa bima ya kituo huenda isikuhusu kabisa.

Kabla ya kutia saini mkataba, uliza nani atahifadhi kumbukumbu za vikao, nani anaruhusiwa kuzisoma, na zitakwenda wapi siku utakapoondoka. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, aliye na dhamana nazo hupewa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo. Kwa hiyo usiandike habari za mteja katika simu inayochezewa na watoto nyumbani, wala usiache daftari lake mezani kwa mapokezi.

Siri ndiyo sehemu ngumu zaidi katika mji wetu, ambapo aliye Maweni huweza kuwa na shangazi Shela na shemeji Barani, na karani wa mapokezi akawa jirani wa mteja. Katika kikao cha kwanza, mweleze mteja waziwazi kwamba utayatunza anayokwambia, na umtajie pia mipaka ya siri hiyo, hasa pale maisha yake au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Kubalianeni kwamba mkikutana sokoni hutamwamkia kabla yeye hajakuamkia. Mjomba wake akikujia kwa heshima na kuuliza, "Mwanangu, huyu kijana wetu anaendeleaje?", mjibu kwa heshima ile ile kwamba kijana mwenyewe ndiye wa kumwambia, na usimdokezee hata kama anakuja kwako au haji. Kwa maoni yangu, kukaa kimya mbele ya mzee aliyekuja kwa nia njema ni mtihani mkubwa kuliko sheria yoyote, na inafaa ujizoeze maneno yako mapema.

Ndugu wa karibu, mwenye nyumba unayopanga au mwalimu wa watoto wako asiwe mteja wako. Mtafutie mtaalamu mwingine. Vivyo hivyo, jambo likizidi uwezo wako, toa rufaa kwa maandishi, yaani mwelekeze mteja kwa mtaalamu anayefaa: anayepambana na heroini, kwa mfano, anahitaji pia matibabu ya methadoni, dawa inayotumika badala ya heroini, yanayotolewa katika hospitali ya serikali mjini. Na kwa kuwa huna mkuu wa idara wa kukukosoa, tafuta msimamizi wa kitaaluma wa kujadiliana naye kesi zako bila kutaja majina.

Kuhusu kodi, kituo kikikukata asilimia 5 ya ada, dai hati ya makato hayo, kisha uwasilishe ritani yako, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka uliopita, si zaidi ya tarehe 30 Juni, kwani makato hayo hayakuondolei wajibu huo.

Mkataba ukikaribia kwisha, mwarifu kila mteja mapema, umpe nafasi ya kikao cha kufunga, na umwache achague mwenyewe kukufuata, kubaki na mshauri mwingine kituoni au kupumzika. Kituo kikikutaka uondoke siku hiyo hiyo, omba kwa maandishi uruhusiwe angalau kuwapigia simu wale walio katika hali ya hatari.