Penisilini ipi kwa bakteria gani: ninavyowafundisha wanafunzi wa vitendo

Wanafunzi wanaokuja kwetu famasi huanza kwa kukariri majina ya penisilini kwa kifupi: ampi, amoksi, kloksa. Wiki ikiisha yameyeyuka. Nawaambia wayaache kwanza, waanze na mgonjwa aliye dirishani.

Hatua ya 1: Uliza mzio. "Ulishawahi kuchomwa penisilini ukavimba midomo au pumzi ikabana?" Akiitikia, usimjaribishie hata moja ya ukoo huu.

Hatua ya 2: Je, mdudu ana ukuta? Penisilini huua kwa kumzuia bakteria asijenge ukuta wa seli. Virusi vya mafua havina ukuta huo, maikoplazma, ingawa ni bakteria, naye hana. Kwa hiyo anayetaka Ampiclox (ampisilini na kloksasilini pamoja) ya mafua (hakosekani kila asubuhi) hapewi.

Hatua ya 3: Anza na za zamani. Streptokoka wa mafindofindo na bakteria wa kaswende bado wanakufa kwa penisilini ya asili, iliyotokana na ukungu alioubaini mwanasayansi Fleming mwaka 1928. X-pen, penisilini ya asili ya sindano, hutoka mwilini upesi, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya saa chache. Penisilini V humezwa. Benzathini hukaa msulini ikitoka kidogo kidogo: kaswende ya awali kwa mtu mzima ni yuniti milioni 2.4 mara moja tu. Usiichome mshipani kamwe. Moyo unaweza kusimama.

Hatua ya 4: Ukiona usaha, mfikirie stafilokoka. Hapa ndipo wengi hukosea. Stafilokoka wengi hutoa penisilinesi, kimeng'enya kinachoivunja amoksisilini kabla haijafanya kazi. Jipu lipasuliwe, na dawa ikihitajika iwe kloksasilini au flukloksasilini, tumbo likiwa tupu. Lakini usiipeleke kloksasilini kwenye mkojo: E. koli, bakteria anayeleta maambukizi mengi ya mkojo, haimgusi. Na MRSA, yaani stafilokoka sugu, amebadilisha pale dawa inaponasa, hivyo hata kloksasilini haimwezi.

Hatua ya 5: Panua wigo wa dawa inapobidi. Amoksisilini ndiyo ya kwanza kwa nimonia ya mtoto anayetibiwa nyumbani. Mdudu akiwa na kimeng'enya, asidi ya klavulaniki huikinga amoksisilini isivunjwe. Psudomonasi, bakteria mwingine mkaidi, hajali zote hizo. Yeye ni wa piperasilini na tazobaktamu, wodini. Ila kabla hujafungua chupa hiyo, chukua damu au usaha wa kuotesha. Dozi ikishaingia, maabara wanaweza wasioteshe kitu.