Jinsi ya Kuhifadhi, Kuwekea Maelezo na Kunukuu Kurasa za Wavuti

Anayeandika tasnifu au ripoti siku hizi hutegemea tovuti za wizara, magazeti na mashirika karibu sawa na anavyotegemea vitabu, ingawa ukurasa wa wavuti unaweza kuhaririwa, kuhamishwa au kufutwa wakati wowote bila msomaji kuarifiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhifadhi nakala, na maelezo na marejeleo yafuate baadaye. Wengi huufuata utaratibu huu kinyumenyume, wakaja kuikumbuka nakala siku ambayo kiungo hakifunguki tena.

Njia nyepesi ni kufungua web.archive.org/save, kubandika anwani ya ukurasa unaoutaka na kusubiri hadi uthibitisho utokee. Huduma hiyo, inayojulikana kama Wayback Machine, haina malipo na huendeshwa na Internet Archive, shirika lisilo la kibiashara la Marekani lililoanzishwa mwaka 1996. Utapewa anwani mpya yenye tarakimu 14 katikati yake: 4 za mwaka, 2 za mwezi, 2 za siku, na 6 zilizobaki ni za saa, dakika na sekunde. Saa hiyo inahesabiwa kwa majira ya kimataifa, ambayo yako nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Ukihifadhi ukurasa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12, nakala itaandikwa tarehe 11, na msimamizi makini ana haki ya kuuliza kwa nini tarehe yako na ya nakala hazipatani. Kurasa zinazofunguka kwa nywila tu hazihifadhiki kwa njia hii, na baadhi ya tovuti huizuia kabisa.

Kwa kuweka maelezo, Hypothesis, programu ya kuandika maelezo juu ya kurasa za wavuti, ndiyo inayofaa pale darasa au kikundi kinapojadili ukurasa mmoja. Ukishafungua akaunti na kuongeza programu yake kwenye kivinjari cha Chrome, chagua sentensi yoyote, na hapo hapo vitajitokeza vitufe viwili, kimoja cha kukoleza rangi na kingine cha kuandika maelezo. Programu hukumbuka maneno uliyoyachagua pamoja na herufi chache zilizoyatangulia na zilizoyafuata, hivyo aya ikihamishwa ndani ya ukurasa huo, maelezo yako huifuata. Kabla ya kuhifadhi, angalia kwa makini kama maelezo yatakuwa ya wote au yako peke yako, kwa maana yanayowekwa hadharani husomwa na yeyote na kila mtu huruhusiwa kuyatumia tena. Kwa usomaji wa faragha ningependekeza Zotero, programu ya kukusanya vyanzo na kutengeneza marejeleo, ambayo tangu toleo la 7 la mwaka 2024 hukuruhusu kukoleza rangi na kuandika maelezo ndani ya nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Zotero ndiyo pia itakayokutengenezea marejeleo. Bofya alama yake kwenye kivinjari ukiwa kwenye ukurasa husika, nayo itachukua kichwa, mwandishi, tarehe na anwani. Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu programu husoma kile tu ambacho tovuti imekiandika, na tovuti zetu zina mazoea yake. Habari iliyotiwa saini ya “Mwandishi Wetu” inaweza kuingia kwenye orodha kama “Wetu, M.”, utadhani kuna bwana mwenye jina hilo la ukoo, na Wizara ya Afya nayo ikaorodheshwa chini ya herufi A. Dawa yake ni kubofya kitufe kidogo kilicho kando ya nafasi ya mwandishi ili sehemu mbili za jina ziwe moja, kisha kuandika jina la taasisi kwa ukamilifu. Palipoandikwa “Mwandishi Wetu”, fuata mwongozo wa chuo chako. Kama hauna agizo, nafasi ya mwandishi ibaki wazi na rejeleo lianze kwa kichwa cha habari. Hakikisha pia kwamba tarehe iliyochukuliwa ni ya kuchapishwa kwa habari, kwani baadhi ya kurasa huonyesha tarehe ya leo juu kabisa, na hiyo haihusiani na habari yenyewe.

Mwisho ni tarehe ya kusoma. Mtindo wa kunukuu wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7, huihitaji kwa kurasa zinazotarajiwa kubadilika tu, kwa hiyo usishangae ikikosekana kwenye orodha iliyotolewa na programu ilhali umeijaza. Chuo kikiidai, iongeze kwa mkono baada ya orodha kukamilika, na baada yake uandike anwani ya nakala yenye zile tarakimu 14.