Nani anavuta elektroni? Kemia ya kuanzia biolojia kwa vitu vya jikoni

Nafundisha biolojia sekondari, na kila mwaka nakutana na mwanafunzi anayetaja wanga, protini na mafuta bila kukosea, lakini ukimuuliza kwa nini mafuta hayachanganyiki na maji, ananyamaza. Simlaumu. Tumempa majina kabla ya kumwonyesha kitu chenyewe.

Kemia inayohitajika kuanza biolojia ni kidogo, na karibu yote inaning'inia kwenye swali moja: atomu mbili zinaposhikana, ni ipi inayovuta elektroni, vile vichembe vyenye chaji hasi vinavyoizunguka atomu, kwa nguvu zaidi? Lishike swali hilo, tutalirudia hadi mwisho.

Vitu vya kuandaa

Glasi tano, sahani nyeupe, sarafu, chumvi, sukari, mafuta ya kula, siki, ndimu, yai moja, choya kavu (maua mekundu ya rozela), magadi kidogo, unga wa muhogo au wa mahindi, bomba la sindano lililotolewa sindano, spiriti kidogo, na iodini ya kusafishia vidonda kutoka duka la dawa. Iodini haionjwi wala haikaribii macho, na ikidondokea shati jeupe huacha doa. Chochote kilichotumika kwenye jaribio kimwagwe, na vyombo vioshwe kwa sabuni.

Hatua ya 1: Chora atomu nne

Mwili wa binadamu una elementi nyingi, lakini nne tu ndizo karibu asilimia 96 ya uzito wake: oksijeni, kaboni, haidrojeni na nitrojeni. Oksijeni peke yake ni kama asilimia 65, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili ni maji.

Chora kila moja na elektroni zake. Haidrojeni ina 1, kaboni 6, nitrojeni 7, oksijeni 8. Mzunguko wa kwanza unajaa kwa elektroni 2, wa pili kwa 8. Sasa hesabu nafasi zilizobaki wazi kwenye mzunguko wa nje: haidrojeni 1, oksijeni 2, nitrojeni 3, kaboni 4. Hiyo ndiyo idadi ya mikono ambayo kila atomu kwa kawaida inayo ya kushikana na wenzake, na kila mkono ulioshikana ni bondi moja. Andika 1, 2, 3, 4 pembeni mwa daftari. Ukichora molekuli, yaani atomu zilizoshikana, halafu kaboni ikawa na mikono mitano, futa uanze upya.

Mikono minne ya kaboni ndiyo inayoiwezesha kujenga minyororo mirefu, matawi na pete.

Hatua ya 2: Pima nguvu ya kuvuta kamba

Kushikana mikono si lazima kuwe kwa usawa. Mwaka 1932 mkemia wa Marekani, Linus Pauling, alipendekeza kipimo cha nguvu ambayo atomu huvutia nayo elektroni za bondi. Namba tunazozitumia leo ni hizi: oksijeni 3.44, klorini 3.16, nitrojeni 3.04, kaboni 2.55, haidrojeni 2.20, sodiamu 0.93.

Fikiria mchezo wa kuvuta kamba, kisha toa namba ndogo kwenye kubwa.

Kaboni na haidrojeni: 0.35. Timu zinakaribiana nguvu, kamba inabaki katikati.

Oksijeni na haidrojeni: 1.24. Kamba inaelekea kwa oksijeni lakini haijachukuliwa. Upande wa oksijeni unapata chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo.

Klorini na sodiamu, ndiyo chumvi ya kawaida: 2.23. Hapa kamba imenyakuliwa. Klorini inaondoka na elektroni nzima, na kila mmoja anabaki ioni, yaani atomu yenye chaji, mmoja hasi, mwingine chanya.

Usiendelee mbele kabla hujafanya hesabu hizi tatu kwa mkono wako. Wanafunzi wangu wanaoziruka hukwama kila hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Maji, chumvi na mafuta

Weka sarafu mezani. Kwa bomba la sindano dondosha maji juu yake tone kwa tone, ukihesabu. Maji yatapanda kama kichuguu kabla ya kumwagika. Kausha sarafu, rudia kwa spiriti, na utaona inamwagika mapema. Molekuli ya maji imepinda, haidrojeni zake mbili zimekaa upande mmoja wa oksijeni kwa pembe ya nyuzi 104.5, kwa hiyo upande chanya wa molekuli moja unaushika upande hasi wa jirani. Mshiko huu unaitwa bondi ya haidrojeni. Mmoja peke yake ni dhaifu, lakini ikiwa mingi unauona kwa macho kwenye kichuguu cha maji.

Sasa chukua glasi mbili, moja ya maji, moja ya mafuta ya kula. Tia chumvi kijiko kidogo kila moja, koroga. Kwenye maji inapotea, kwenye mafuta inatulia chini kama mchanga. Maji yana pande mbili, hivyo yanaizunguka ioni ya sodiamu kwa upande hasi na ya kloridi (ile klorini iliyonyakua elektroni) kwa upande chanya, na kuzitenganisha. Mafuta ni minyororo ya kaboni na haidrojeni, ile tofauti ya 0.35, hayana upande wa kuishikia ioni. Kwa sababu hiyohiyo hayashikani na maji. Utando wa kila seli mwilini umejengwa juu ya tabia hiyo. Mafuta katikati yake yanazuia ioni kupita ovyo, ndiyo maana seli inahitaji milango ya protini.

Mlango mmojawapo umeokoa watoto wengi. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna protini inayopitisha ioni mbili za sodiamu pamoja na molekuli moja ya glukosi, aina ya sukari, na maji hufuata. Mwanabiokemia wa Marekani, Robert Crane, alieleza wazo la sodiamu na glukosi kupita pamoja mjini Prague mwaka 1960. Ndiyo maana pakiti ya ORS, dawa ya kuchanganya na maji anayopewa anayeharisha, ina vyote viwili: kwa lita moja ya maji, fomula ya Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na chumvi nyingine. Mtoto anayeharisha akipewa maji matupu, mlango huo hautumiki inavyopaswa.

Hatua ya 4: Choya na pH

Mara chache, kwenye maji yenyewe, oksijeni hushinda kabisa. Haidrojeni inaondoka bila elektroni yake na kudandia molekuli jirani. Kipimo cha pH kinahusu wingi wa haidrojeni hizo zenye chaji chanya. Mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alikianzisha mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, alipokuwa akichunguza vimeng'enya, vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia kwenye viumbe hai. Kila namba moja ni mara kumi, kwa hiyo pH 5 ina ioni hizo mara mia kuliko pH 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi.

Loweka choya kwenye maji ya moto, ichuje, uongeze maji hadi iwe na wekundu mwepesi. Gawa kwenye glasi tatu. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili kamulia ndimu, nyekundu itakolea. Ya tatu tia magadi yaliyoyeyushwa, kidogo kidogo, itapita zambarau kuelekea kijani. Usiiache muda mrefu, rangi huharibika na kuwa njano.

Mimina siki kwenye hiyo ya kijani. Itatoa povu na wekundu utarudi. Povu lile ni kaboni dayoksaidi. Magadi yana ioni ya bikaboneti, na damu yako hutumia ioni hiyohiyo kudaka asidi, kisha kaboni dayoksaidi hutoka kwa pumzi. Hivyo ndivyo damu inavyobaki kati ya pH 7.35 na 7.45, wakati tumboni asidi inafika 2 au chini yake.

Hatua ya 5: Mate yanakata wanga

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, lifanye bila haraka.

Wanga wa unga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Chukua glukosi mbili, C6H12O6 kila moja, yaani kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Ukizijumlisha unapata C12H24O12. Lakini sukari ya maltosi, iliyoundwa na glukosi mbili, ni C12H22O11. Kimepungua nini? Haidrojeni mbili na oksijeni moja, yaani maji. Kila glukosi inapounganishwa, molekuli moja ya maji hutoka, na kila inapokatwa, molekuli moja ya maji hurudi. Wanga, protini na mafuta vyote hujengwa na kuvunjwa kwa kanuni hii.

Pika uji mwepesi sana, kijiko cha chai kimoja cha unga kwa kikombe cha maji. Uache upoe hadi ukidondosha mkononi usihisi joto wala baridi. Chukua glasi tatu, uweke vijiko viwili vya uji kwenye kila moja. Glasi ya kwanza ongeza kijiko cha chai cha mate yako, ya pili maji kiasi hichohicho, ya tatu mate pamoja na kijiko cha siki. Kwenye sahani panga matone ya iodini. Kila baada ya dakika mbili chukua tone kutoka kila glasi, ulitie kwenye tone lake la iodini.

Mwanzoni yote hugeuka bluu-nyeusi, kwa sababu iodini huingia ndani ya mnyororo wa wanga uliojisokota. Baada ya muda glasi ya kwanza itaacha kugeuka. Kimeng'enya cha amilesi kimekata minyororo kuwa maltosi na vipande vifupi, iodini haina pa kuingia. Glasi ya pili na ya tatu hubaki bluu. Ukitafuna muhogo wa kuchemsha kwa muda mrefu bila kumeza, ladha tamu itakuambia habari hiyohiyo.

Usitumie ndimu badala ya siki hapa. Vitamini C ya ndimu huifuta rangi ya iodini yenyewe, na utadhani wanga umekwisha.

Mara ya kwanza kulifanya mbele ya darasa, uji wangu ulikuwa bado unatoa mvuke. Tulingoja kipindi kizima na bluu haikuondoka. Jibu lake liko kwenye yai.

Hatua ya 6: Ute wa yai

Tenga ute, uugawe kwenye vikombe viwili. Kimoja kamulia ndimu, kingine kiweke ndani ya maji yanayochemka. Vyote vitakuwa vyeupe, cha ndimu polepole zaidi, kama nyama ya samaki uliyoilaza kwenye ndimu kabla ya kupika.

Protini ni mnyororo uliokunjwa kwa umbo maalumu, na sehemu kubwa ya mikunjo hushikiliwa na mivuto ile midogo, bondi za haidrojeni na chaji zinazovutana. Joto linaitikisa hadi iachie. Asidi inabadilisha chaji. Mnyororo wenyewe haujakatika, umekunjuka tu, kisha umejishika ovyo na wenzake.

Amilesi nayo ni protini. Chemsha mate kidogo kwenye kijiko, yaache yapoe kabisa, uyatie kwenye glasi mpya ya uji wa vuguvugu. Dondosha kwenye iodini baada ya dakika kumi, kisha ishirini. Bluu itakuwa palepale.