Apu au websaiti ya simu? Soma hapa kabla hujampa fundi hela

Kama una duka la vitenge Kariakoo, saluni Sinza au unapika keki nyumbani Mbezi, na kuna mtu keshakuambia bila apu biashara haiendi, usitoe advansi kwanza. Usianze kujiuliza ipi ya kisasa zaidi, jiulize mteja wako anarudi mara ngapi.

Chukua daftari la oda, au fungua WhatsApp uangalie mwezi uliopita, tafuta majina yanayojirudia. Mtu aliyenunua vitenge vya sare ya harusi kanunua basi, ukimuona tena ni baada ya miezi, huyo hawezi kupakua apu yako na ukimlazimisha anahamia duka la jirani. Ila kama unapeleka chakula cha mchana maofisini Posta, au mitungi ya gesi na maji ya dumu majumbani, na watu ni wale wale kila wiki, hapo tunaweza kuanza kuongea habari za apu.

Halafu angalia simu za wateja wako. Wengi wana simu za GB 16 au 32 zimejaa picha na video za magrupu, anabonyeza kupakua inamwambia nafasi haitoshi, sasa achague afute video ya kipaimara cha mtoto wake au aachane na wewe, jibu unalijua. Na bando lenyewe kajiunga la siku. Websaiti anabonyeza tu linki uliyoweka kwenye status au bio ya Instagram, inafunguka, anaona mzigo, anaona bei, anaagiza.

Tuje kwenye hela. Kuweka apu Google Play unalipa ada ya dola 25 mara moja, kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na hiyo ni kujisajili tu, fundi bado hajala. Akaunti mpya ya mtu binafsi Google Play nayo inatakiwa kwanza apu ijaribiwe na watu 12 kwa siku 14 mfululizo ndo uombe kuifungua kwa kila mtu, kwa iyo ukiambiwa wiki hii apu iko hewani uliza vizuri. Ikishatoka pia haiachwi, maana Google kila mwaka wanapandisha masharti ya toleo la Android, na apu isiyoguswa muda mrefu inafika mahali mwenye simu mpya akiitafuta haioni kabisa.

Kwa biashara nyingi ndogo mimi nasema anza na websaiti, ila iwe websaiti ya simu kweli. Weka bei ya kila kitu, hizi habari za "bei inbox" zinafukuza watu. Weka kitufe cha WhatsApp, linki yake ni wa.me/ halafu namba yako ukianzia 255, usiweke alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Weka lipa namba pamoja na jina litakalotokea mteja akilipa, maana akiona jina asilolitegemea anaogopa katapeliwa na anaghairi pale pale. Picha zipunguzwe uzito, zisizidi KB 200 hivi, picha ilivyotoka kwenye kamera inaweza kuwa MB 4 na ukipanga kumi ukurasa mmoja umemaliza bando la mtu. Na uisajili biashara kwenye Google Maps, ni bure.

Kabla hujamlipa fundi hela iliyobaki, azima simu ya bei nafuu, zima waifai, washa data, simama dukani saa sita mchana watu wakiwa wengi, ufungue mwenyewe. Ukihesabu mpaka tano skrini bado ni nyeupe, mrudishie kazi yake.

Kuna njia ya katikati pia ambayo watu hawaambiwi. Websaiti inaweza kutengenezwa ili mteja anayeipenda aiweke kwenye skrini ya mwanzo ikae na ikoni kama apu, kwenye Chrome ya Android ni kubonyeza nukta tatu na kuchagua kuongeza kwenye skrini, kwenye iPhone inafanyika kupitia Safari, na tangu iOS 16.4 (toleo la mfumo wa iPhone) ya mwaka 2023 ikishawekwa hivyo inaweza hata kutuma notifikesheni. Mwambie fundi wako unataka PWA, ndo jina la websaiti ya aina hiyo, ataelewa.

Apu yenyewe ina kazi zake. Una madereva wa bodaboda wanaosambaza mizigo na unataka kuona walipo hata simu ikiwa mfukoni skrini imezima, hiyo websaiti haiwezi, tengeneza apu, tena ya madereva tu, wateja waache na websaiti yao.

Na chochote utakachochagua, domeni, yaani anwani ya websaiti, kama ya .co.tz isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, akaunti ya Google Play hivyo hivyo, barua pepe ya kurudishia nywila iwe yako. Inauma sana kuona mtu kajenga jina miaka, siku anagombana na fundi anakuta anwani ya biashara yake sio yake. Liandikeni hilo kwenye mkataba siku ya advansi, msingoje kazi iishe.