Kabla ya Kufunga Kompyuta Kwenye Gari: Maandalizi kwa Mtu wa Tanga

Magari mengi tunayoyapokea kutoka Japani huja na redio ambayo masafa yake ya FM yanaishia megahezi 90, ilhali stesheni zetu zinafika hadi 108. Ramani iliyomo ni ya Japani, na maandishi ni ya Kijapani. Mwenye mkono wa ufundi akiitazama hutamani kuing'oa aweke kompyuta ndogo yake mwenyewe.

Jiulize kwanza unataka nini. Kama ni muziki, ramani na kamera ya nyuma tu, nunua redio ya Android iliyo tayari, umalize. Kompyuta ya kujiundia inafaa ukitaka kusoma taarifa za injini, kurekodi safari au kuandika programu zako. Ukishaamua hivyo, maswali ya prosesa na ukubwa wa skrini yasubiri. Kazi yote imelala kwenye umeme, na ningependa uumalize huo kabla hujatoa pesa ya kitu kingine.

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, ina volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, alternita huzipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Lakini starta inapovuta, volti zinaweza kushuka chini ya 10, na betri iliyochoka hushuka zaidi ya hapo. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja ambayo wajiundiaji hupenda kuitumia, inataka volti 5 zisizoyumba, ampea 3. Ukiilisha kwa chaja ya bei poa itazima na kujiwasha upya kila unapopiga starta. Tafuta kigeuzi cha kutoa volti 5 kinachopokea kuanzia volti 6 hadi 30 na kitu. Inveta iache: kupandisha umeme hadi volti 230 kisha kuushusha tena hadi 5 ni kuupoteza njiani.

Kuzima kunataka akili zaidi. Ukikata umeme ghafla wakati kompyuta inaandika, mafaili kwenye kadi huharibika. Ukiiacha imeungwa moja kwa moja, inakula betri. Tuseme pamoja na skrini inatumia wati 15: hiyo ni zaidi kidogo ya ampea 1, na usiku wa saa 10 utakuwa umeondoa zaidi ya robo ya betri ya ampea-saa 45. Liache gari Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaomba watu wasukume. Kwa hiyo unahitaji nyaya mbili: ule wenye umeme muda wote, na ule unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa. Wa pili uwe wa kutoa taarifa tu, kompyuta ijizime taratibu, ndipo rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ikate wa kwanza. Usiamini rangi za nyaya. Pima kwa mita.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kazi yake ni kuulinda waya, na waya huo unapita kwenye tundu la ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, mahali ambapo mtikisiko huusugua hadi ngozi ikatoke. Hapo ndipo magari huungua. Vesha tundu mpira, na fyuzi ikikatika usiizibe kwa kipande cha waya, hata kama ni usiku na uko njiani.

Kisha kuna Tanga yenyewe. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupita nyuzi 60 ndani, na Raspberry Pi huanza kujipunguza kasi inapofika 80, kwa hiyo juu ya dashibodi si mahali pake. Chini ya kiti panafaa, ila masika maji ya viatu hutuama sakafuni, basi iinue. Hewa ya bahari hula maungio: pale unapofunga ethi (waya wa hasi) kwenye bodi ya gari, kwangua rangi hadi chuma kionekane, kaza bolti, halafu paka grisi. Ethi ya amplifaya ifunge hapohapo, la sivyo spika zitalia mluzi unaopanda na injini.

Hifadhi ya mafaili iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani, si diski inayozunguka. Kona za Mombo kwenda Lushoto na barabara za vumbi hazina huruma nayo. Ramani za OpenStreetMap zipakue nyumbani, zitafanya kazi bila bando.

Pima pia nafasi ya redio: magari mengi yana upana wa milimita 180 hivi, Toyota nyingi 200. Plagi za rangi ya njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Usiziguse, wala usipitishe waya mbele ya mifuko hiyo.

Mwisho, lile tundu la pini 16 chini ya usukani. Kuwepo kwake hakumaanishi gari linaongea lugha ya OBD-II, ile ya kawaida ya kusomea taarifa za injini. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hayaongei. Azima kifaa cha kusomea OBD-II kwa fundi umeme wa magari, ujaribu kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.