SOMO: Umetoboa bomba ndani ya ukuta? Fanya hivi kabla fundi hajafika

Habari za leo wapendwa. Somo hili nimelipata kwa gharama, na sitaki mwingine alipie tena.

Jumamosi jioni nilikuwa nafunga rafu ya vyombo jikoni. Tundu la tatu, drili ikapita kwenye plasta, ikaingia kwenye kitu laini, halafu nikasikia ukuta unalia fyuuu. Nikafanya kosa la kwanza: nikaichomoa drili. Maji yalitoka kama mkuki hadi kwenye jiko la gesi lililokuwa upande wa pili. Mke wangu akaziba kwa kidole gumba, mimi nikakimbilia koki ya simtenki na kuifunga. Maji yakaisha nguvu. Nikachonga kijiti cha mwarobaini, nikakizungushia nailoni, nikakigongea kwenye tundu. Pakakauka kabisa. Tukala, tukalala.

Saa nane usiku maji ya mtaani yakafunguliwa. Kijiti kikaruka, na asubuhi mabegi mawili ya nguo za watoto yalikuwa yanaelea chumbani.

Kosa langu kubwa lilikuwa hili: nyumba yenye simtenki ina njia mbili za maji kuingia. Mimi nilifunga moja. Jikoni kwangu, kama kwa wengi mjini, panapokea maji ya tenki, na yakija ya mtaani panapokea hayo moja kwa moja. Tenki lililo juu mita 6 linasukuma kwa bar 0.6 hivi (bar ni kipimo cha msukumo wa maji), kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni kama bar 1. Kijiti kinaweza kuvumilia hiyo. Maji ya mtaani usiku, wakati majirani wengi wamefunga bomba zao, huja na nguvu kuliko hapo mara kadhaa.

Sasa hatua zenyewe.

HATUA YA 1. Usichomoe. Kama ni drili, izime na uiache hapo hapo. Kama ni skrubu au msumari, ndiyo kabisa usiuguse, kwa sababu umeshaziba tundu ulilotoboa. Kama kuna swichi au soketi karibu, zima umeme kwenye meni swichi kwanza, ukiwa umesimama pakavu.

HATUA YA 2. Funga koki ya mita ya maji, ile ya maji ya mtaani, KISHA koki ya tenki. Zote mbili, hata kama siku hiyo maji ya mtaani hayatoki. Halafu fungua bomba lililo chini kuliko yote, la uani au la bafuni, maji yaliyobaki kwenye mfumo yaishe. Hapo sasa ndipo unachomoa drili.

Koki ya mita ikigoma kuzunguka usiilazimishe kwa spana kubwa, itakatika shingo. Ipeleke mbele kidogo na kuirudisha nyuma, mara nyingi, mpaka ilegee. Na mkimaliza kazi hii, jizoeshe kuifunga na kuifungua kila baada ya miezi michache.

HATUA YA 3. Fukua. Hapa watu wanaona huruma na ukuta, wanachimba kashimo kadogo halafu mkono hauingii. Chimba kwa tindo na nyundo ndogo, sentimita 15 kila upande wa tundu, na nyuma ya bomba pia, vidole viweze kuzunguka. Gonga tindo kwa kulalia, usielekeze ncha kwenye bomba.

HATUA YA 4. Funga mpira wa manati, ule wa tyubu ya baiskeli. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, urefu wa mita moja au zaidi. Futa bomba kwa kitambaa kikavu mpaka lisiteleze. Anza kufunga sentimita 5 kabla ya tundu, ukiuvuta mpira kwa nguvu mpaka upana wake upungue karibu nusu, na kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Pita juu ya tundu, endelea sentimita 5 mbele, kisha rudi. Mkono usilegee hata mara moja: kinachozuia maji ni ule mvuto. Mwisho funga kwa waya laini au klipu mbili za bomba la gesi.

HATUA YA 5. Fungua koki ya tenki robo tu, subiri, kisha yote, halafu ya mita. Shika kipande cha tishu kavu kuzunguka mpira. Tishu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Usizibe ukuta.

HATUA YA 6. Ita fundi mwenye mashine ya kuchomea PPR, yaani bomba za plastiki zinazounganishwa kwa joto. Kwa tundu dogo la upande mmoja, kuna vijiti maalumu vya PPR vinavyochomwa na kuingizwa kwenye tundu. Kama drili imetoboa pande zote mbili, kipande kikatwe kiwekwe kipya na soketi za bomba (viungio). Mashine inatakiwa ifike nyuzi 260, na bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto sekunde 5 tu, linaingizwa bila kuzungushwa, na linaachwa lipoe. Mwache fundi apumzishe kiungo dakika kadhaa kabla ya kufungulia maji, hata kama ana haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbagala): Kaka, kwa nini usitumie gundi ya bomba tu? Mimi ninayo kopo zima.

Jibu: Gundi hiyo ni ya PVC, plastiki ya aina nyingine, inayeyusha uso wa PVC na kuunganisha. PPR haiyeyuki kwa gundi hiyo. Itakauka juu kama ngozi na maji yatapita chini yake. Bomba likiwa la kijivu la PVC, gundi ni sawa kwa kuunganishia kipande kipya, ila lazima likauke kwanza.

Swali (Morogoro): Nimeona mafundi wanachoma bomba kwenye mkaa na kuingiza jingine. Si rahisi zaidi?

Jibu: Kwenye PVC ya maji machafu wanatanua mdomo hivyo, na huwa inashika. Kwa PPR nakuomba usifanye. Mkaa unachoma nje, ndani bado pagumu, ukisukuma plastiki inajikunja ndani na kuziba njia. Kwa jirani yangu tulikata kiungo cha namna hiyo, tundu lililobaki halikupitisha penseli.

Swali (Tanga): Shikamoo fundi. Tenki langu la lita 1,000 linaisha usiku na hakuna anayetumia maji. Nimekagua, hakuna panapovuja.

Jibu: Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa maji yanarudi mtaani. Njia zako mbili zimeungana, na maji ya mtaani yakikatika, ya tenki yanateremka kupitia bomba hilo hilo. Leo usiku funga koki ya mita. Tenki likibaki limejaa asubuhi, umepata jibu: weka chekivalvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) baada ya mita, mshale wake uelekee nyumbani.

Swali (Kigamboni): Bomba la sinki linadondosha. Nimekata washa (kile kimpira cha ndani ya bomba) kwenye ndala, likakaa siku tatu, limeanza tena.

Jibu: Dada, ndala ni sponji, ikibanwa inalala na kumong'onyoka. Kata kwenye ngozi nene ya mkanda au mpira wa tairi la baiskeli, mpaka ununue washa yenyewe. Ila kabla ya kurudisha, ingiza kidole pale washa inapokalia. Ukigusa mkwaruzo au kibonde, washa yoyote utakayoweka itadondosha, badilisha bomba lote.

Swali (Dodoma): Mpira wa manati unaweza kukaa muda gani? Fundi wangu amesafiri.

Jibu: Kwangu ulikaa siku 9 bila tone, koki zote zikiwa wazi mchana. Usiku nilikuwa nafunga ya mita kabla ya kulala, na wewe fanya hivyo mpaka arudi.